INJINI NAYO HUHEMA

Wasomaji wengi wa ukurasa huu, hasa wazee wetu wa Lamu na Unguja, bila shaka wanazijua habari za kinu cha ngamia. Zamani mafuta ya ufuta yalikamuliwa kwa kinu kikubwa cha gogo, na ngamia aliyefungwa kitambaa machoni akakizunguka saa nzima nzima. Babu yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akinisimulia kwamba kazi ya mwenye kinu haikuwa kumpiga ngamia fimbo. Kazi yake ilikuwa kusikiliza anavyohema. Pumzi zikibadilika, mwenye kinu alisimamisha kazi kwanza, akatafuta sababu, ndipo akaendelea.

Mimi si mkamua mafuta. Ni fundi wa mitambo niliyestaafu, mzaliwa wa Mombasa. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kusimamisha mashine: vinu vya kusaga unga, pampu za maji, misumeno ya mbao, na mashine za kukuna nazi. Neno lile la babu nililisikia nikiwa mtoto. Lakini sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, nikiwa mbali sana na bahari, mahali panapoitwa Ndabibi.

NDABIBI NI WAPI?

Huenda jina hilo ni geni kwa wengi wetu huku pwani. Msafiri akitoka Nairobi huteremka Bonde la Ufa mpaka Naivasha, kisha hulizunguka ziwa kwa upande wa kusini, akayapita mashamba ya maua, akapita Kongoni, na hapo ndipo uwanda wa Ndabibi unapomfungukia. Ziwa huliacha upande wa mashariki. Kaskazini umesimama mlima Eburru, na magharibi kuna ukuta mrefu wa Mau. Wenyeji wengi ni wakulima wa mahindi, maharage na viazi, na wafugaji nao wapo. Asubuhi kuna baridi ambayo mtu wa pwani hatakiwi kuisimuliwa. Ataijua mwenyewe atakapojaribu kushika spana.

Jambo moja ningemwomba msomaji alishike vizuri, kwa maana ndilo shina la hadithi yangu. Mombasa tumekaa sawa na bahari. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na Ndabibi iko juu zaidi kidogo. Jambo hilo nililijua, kwani nilifundishwa shuleni. Lakini kulijua jambo ni kitu kimoja, na kulikumbuka wakati wa kazi ni kitu kingine.

MAMA MWENYE KINU

Mwaka 1999 mama mmoja mjane wa Ndabibi aliamua kuanzisha kinu cha kusaga mahindi. Wakati huo umeme haukuwa umefika kwake, ingawa huko Olkaria, nyuma ya vilima vya upande wa kusini, mvuke wa ardhini ulikuwa umekwisha kuzalisha umeme tangu mwaka 1981. Wanawake wa jirani walikuwa wakibeba mahindi mgongoni mwendo mrefu kwenda kusagisha. Mama yule aliuza ng'ombe wawili, akakopa fedha nyingine katika chama cha akina mama wenzake, na nduguye aliyekuwa akifanya kazi Mombasa akanijia mimi.

Nilimtafutia injini ya dizeli yenye nguvu za farasi 10, na kinu cha nyundo kinacholingana nayo. Kabla ya kuvipakia nilivifunga uani kwangu, nikasaga gunia zima la mahindi. Unga ulitoka laini na baridi, injini ikinguruma vizuri bila moshi. Nikamwambia yule bwana, "Nduguyo hatajuta." Neno hilo lilikuja kunisuta baadaye.

Pengine wako wasomaji wasiojua kinu cha nyundo kinavyofanya kazi. Ndani ya pipa la chuma kuna ekseli inayozunguka, na juu yake zinaning'inia nyundo bapa. Mahindi huingia kwa juu kupitia kilango, nyundo huyapiga mpaka yavunjike, na yaliyokwisha kuwa laini hupenya chekeche lililo chini, yakatoka kuwa unga. Siri yake yote iko katika mwendo. Nyundo hutakiwa kuzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, na injini haiendi kasi hiyo. Kwa hiyo hufanywa kama cherehani: gurudumu kubwa huvuta dogo kwa mkanda, na lile dogo likaenda mbio zaidi. Mwendo ukipungua, nyundo hazipigi tena bali zinasukuma tu, chekeche linaziba, na unga unatoka wa moto kama uliokaangwa.

KUSIMAMISHA MASHINE

Nilipofika Ndabibi nilianza na ardhi. Udongo wa huko si kama mawe yetu ya matumbawe. Ni mwepesi, umechanganyika na majivu ya volkano, na vumbi lake ni jembamba linaloingia hata ndani ya saa ya mkononi. Nikachimba msingi mpaka nikapata udongo mgumu, nikamwaga saruji na kokoto, nikapandisha bolti za msingi, na siku saba sikumruhusu mtu kugusa. Mama alitaka kazi ianze upesi kwa sababu deni halilali. Nikamwambia, "Mama, saruji haina haraka."

Baada ya hapo nikaziweka mashine juu yake, nikapima kwa pimamaji huku na huku. Nikanyosha uzi kutoka gurudumu la injini mpaka gurudumu la kinu, nikahakikisha unagusa kingo zote nne bila kupinda, kwani magurudumu yasipokabiliana sawasawa mkanda hujikata wenyewe. Kwa ajili ya lile vumbi nikaweka chujio la hewa lenye mafuta, na nikafundisha lisafishwe kila siku. Mkanda niliuzungushia wavu wa chuma, kwa sababu nilikwisha kuona mahali pengine jinsi mkanda unavyoweza kuvuta nguo ya mtu. Kanga, kanzu na shuka vyote ni sawa mbele ya mkanda unaozunguka. Haubagui dini wala kabila.

Kisha nikazungusha kinu kwa mkono, nikawasha bila mzigo, nikaweka ncha ya bisibisi kwenye kila beringi na mpini wake sikioni, nikasikiliza. Kila kitu kilikuwa kimya na laini. Debe la kwanza la mahindi nililisaga nikalitupa, kwa kuwa unga wa kwanza wa kinu kipya hubeba vumbi la chuma. Nikamkabidhi kazi kijana aliyeajiriwa na mama, mtu wa miaka kama ishirini, mpole, anayemlea mama yake mgonjwa kwa mshahara ule.

MOSHI MWEUSI

Siku ya kwanza ya kazi foleni ya akina mama ilifika barabarani. Kijana akafungua kilango kama nilivyomwonyesha. Injini ikanguruma, kisha sauti yake ikazama. Bomba likatoa moshi mweusi tititi. Mwendo ukaanguka, chekeche likaziba, unga ukatoka wa moto na wenye chenga. Akafunga kilango, injini ikapata nafuu. Akafungua tena, yakawa yale yale.

Kijana akanijia, akasema kwa adabu, "Mzee, naona hii injini ni kama inakosa pumzi."

Nikacheka. Nikamwambia injini si mbuzi. Nikakagua mkanda, nikakagua chujio la dizeli, nikashika beringi zote kwa mkono. Sikuona kasoro hata moja, na kazi ya mikono yangu niliiamini. Basi nikakata shauri kwamba kasoro ni ya mwendeshaji. Mbele ya foleni nzima nikasema kwa sauti, "Kijana huyu ana pupa. Anakilisha kinu kama anayemwaga taka."

Siku tatu mambo yalikuwa hivyo. Siku ya tatu jioni mama yule, huku machozi yakimlengalenga kwa kufikiri deni lake, alimwambia kijana asirudi kesho. Kijana hakujibu. Alijifuta unga usoni, akamwamkia kila aliyekuwapo kwa heshima, akaenda zake. Nami, Mungu anisamehe, nililala usingizi mnono.

GITHERI ISIYOIVA

Kesho yake nilisimama kwenye kilango mwenyewe. Nilikilisha kinu polepole kuliko kijana alivyokuwa akifanya, na moshi ukatoka mweusi vilevile. Nikapunguza, na bado injini ilizama. Hapo nikaanza kutokwa na jasho ambalo halikuwa la joto.

Chakula cha mchana kilichelewa mpaka saa tisa. Mama akaniletea githeri, akaniomba radhi. "Utuwie radhi, mzee. Huku kwetu maharage hayana haraka. Wifi yangu aliyeko Mombasa ananishangaza, anasema kwake yakibandikwa jikoni hayamchukui muda kama huu. Tena ni maharage haya haya, ninampelekea mimi."

Kijiko nilikirudisha sahanini. Nilikumbuka darasa, nikamkumbuka mwalimu na ubao wake. Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100. Ukipanda mlima hewa inakuwa nyepesi, haiyakandamizi maji kama huku pwani, basi huchemka kabla ya kufika huko. Kwa Ndabibi ni kiasi cha nyuzi 94. Maji yanatokota, mpishi anaona mapovu, lakini moto uliomo ndani ya maji ni mdogo, na maharage yanachelewa kuiva.

Na injini je? Injini hula vitu viwili, dizeli na hewa. Dizeli niliipima Mombasa, na Ndabibi ilikuwa inaingia kwa kipimo kile kile. Lakini hewa ya Ndabibi ni chache kwa kila pumzi injini inayovuta. Mafundi hukisia kwamba injini ya kawaida ya dizeli hupungukiwa nguvu kama tatu na nusu katika mia kwa kila mita 300 za kupanda. Fanya hesabu mpaka Ndabibi, utakuta zaidi ya moja ya tano imepotea. Injini ya farasi 10 niliyomuuzia mjane ilikuwa huko haifiki hata farasi 8. Moshi ule mweusi ulikuwa dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza. Yaani ilikuwa inahema, na kijana alikwisha niambia.

Udongo wa Ndabibi niliuona kwa macho yangu, nikauheshimu, nikauchimbia msingi wa siku saba. Hewa yake sikuiona, nikaidharau.

KUOMBA RADHI

Sikumaliza chakula. Nilitembea mpaka nyumbani kwa kijana, nikamkuta akishusha mitungi ya maji kwenye punda. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekukosea. Kasoro si yako, ni yangu." Aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Mzee, mimi sikusoma. Lakini nimewahi kupandisha punda mlima Eburru akiwa na mzigo. Ile sauti naijua."

Kesho yake asubuhi, foleni ilipokuwa imejaa, nilisimama pale pale niliposimama siku ya kwanza, nikaeleza. Niliyemfedhehi mbele ya watu sikuweza kumtaka radhi faraghani. Waliokuwapo walinyamaza, halafu bibi mmoja mzee akasema neno kwa Kikikuyu, wote wakacheka, na kijana akacheka pia. Sikuuliza maana yake. Nilistahili lolote lililosemwa.

Kwa siku chache tulifanya la kufanya: tulipunguza kipimo cha dizeli, tukaweka bolti ya kuzuia kilango kisifunguke zaidi ya kiasi, na tukatia chekeche lenye matundu makubwa kidogo. Kinu kilisaga, ila polepole. Dawa hasa ilikuwa injini kubwa zaidi. Niliirudisha ile Mombasa, nikaleta ya farasi 14, na tofauti ya bei nikailipa mimi. Miezi minne nyumbani kwangu tulikula kwa kubana. Mke wangu hakulalamika. Aliniuliza swali moja tu: "Fedha za mjane, ungezila vipi?" Sisi tuliolelewa na madrasa tunajua onyo lililomo katika Suratul Mutaffifin kwa wanaopunja vipimo. Nami nikafahamu kwamba fundi hupunja pia, hata kama hakukusudia, anapouza farasi 10 akatoa 8.

KAZI YA MWENDESHAJI

Nilikaa Ndabibi wiki mbili zaidi, nikamfundisha kijana yote niliyokuwa nayo. Nilimfundisha kupaka mafuta ya beringi bila kuyazidisha. Nilimfundisha kugeuza nyundo upande wa pili zinapolika, na kuzigeuza zote kwa pamoja, maana nyundo moja ikiwa nyepesi kuliko mwenzake kinu hutikisika mpaka kikang'oa bolti. Nilimfundisha kuweka sumaku kwenye mdomo wa kinu, inase misumari iliyojificha katika mahindi. Na nilimwapisha asitie mkono mle ndani hata injini ikiwa imezimwa, mpaka gurudumu lisimame kabisa.

Nilimfundisha pia kukataa. Mahindi yanayofaa kusagwa yawe na unyevu usiozidi kama 13 katika mia. Kwa mtu asiye na chombo cha kupimia, ayang'ate: punje kavu hupasuka kwa mlio, punje mbichi hubonyea. Mahindi mabichi huziba chekeche, na yakiwekwa hivyo huota kuvu. Hili si jambo la mzaha. Mwaka 2004, upande wa Ukambani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa sababu ya sumu ya kuvu katika mahindi. Mwenye kinu ndiye mtu wa mwisho kuyaona mahindi kabla hayajawa unga. Yakishasagwa, jicho haliwezi tena kutambua.

MAHALI NDIPO MWALIMU

Siku moja kijana alinipeleka Eburru. Huko mvuke hutoka wenyewe ardhini, na wenyeji hutega mabomba, mvuke ukapoa humo, wakapata maji ya kunywa kidogo kidogo. Liko pia jengo la kukaushia mazao lililojengwa zamani za walowezi, linalotumia joto hilo hilo la ardhini. Pareto ilikaushwa humo, na mahindi pia. Halili dizeli wala kuni. Nilisimama nikatafakari kwamba mashine ile isingeweza kubuniwa na fundi aliyekaa Mombasa. Ilimhitaji mtu aliyesimama pale pale, akaitazama ardhi, na akawauliza waliozaliwa juu yake.

Hapa karibuni nilirudi Ndabibi. Mama bado yu hai, amezeeka kuliko mimi, na deni lake alilimaliza zamani. Umeme umefika, na injini ya dizeli imekaa pembeni imefunikwa turubai. Yule kijana sasa ni bwana mwenye watoto, na vijana wawili wanajifunza kazi kwake. Alinionyesha mota mpya ya umeme. Nikamtania, nikamwuliza kama mota nayo huhema.

Hakucheka. Alinionyesha bamba la chuma lililo ubavuni mwa mota, akaniambia kwamba mota za kawaida hutengenezwa kwa kukadiria mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari. Hazikosi nguvu kama dizeli, lakini hewa nyepesi haizipoozi vizuri. Kwa hiyo alimwuliza muuzaji kwanza, akanunua kubwa kuliko aliyotajiwa. "Muuzaji alinicheka, mzee," akasema. "Nikamwambia nakumbuka fundi mmoja aliyenicheka pia."

Foleni ilikuwa inasubiri. Akawasha mota, akachukua bisibisi, akaweka ncha kwenye beringi na mpini sikioni, akamwita mmoja wa wale vijana asikilize. Kijana akainama. Yeye akamwuliza, "Unasikia nini?" kisha akanyamaza, akangoja jibu lake mpaka mwisho.